Kabla hujamhoji bingwa wa mbio

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa dakika kumi na bingwa mmoja wa mbio ndefu aliyekuwa anapita Mwanza. Nikaanza na lile swali la kila mtu: "Unajisikiaje?" Akajibu, "Namshukuru Mungu." Nikauliza siri ya mafanikio yake. "Mazoezi na nidhamu." Dakika ya tatu maswali yakaniishia. Zilizobaki tukazimalizia kwenye stori za sato wa kukaanga, na hapo ndipo ulimi wake ulipofunguka: utotoni, kocha wa kwanza, viatu vya kuazima. Mimi nilishazima kinasa sauti.

Siku hizi, usiku wa kuamkia mahojiano, nakaa na daftari nikitenganisha ninayoweza kujitafutia na anayoyajua yeye peke yake. Ya kwanza hayaulizwi. Muda, mwaka, nafasi aliyoshika, hiyo ni kazi yangu, na lazima nihakikishe. Wengi wetu tunaamini medali ya Olimpiki ya mkimbiaji wetu Filbert Bayi ni ya mita 1500, kwa sababu ndizo zilizompa rekodi ya dunia ya 3:32.2 kule Christchurch mwaka 1974. Ile ilikuwa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Medali yake ya fedha ya Olimpiki ya Moscow, 1980, ni ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Mkosee hilo mbele yake uone kama hatatumia muda wako wote kukusahihisha.

Ukishazijua namba, zigeuze ziwe maswali. Mkimbiaji Suleiman Nyambui ni mtu wa Ziwa Victoria hili hili, mzaliwa wa Majita upande wa Musoma. Moscow hiyo hiyo alipata fedha ya mita 5000 kwa 13:21.60, Miruts Yifter wa Ethiopia akiwa ametangulia kwa 13:20.91. Haifiki hata sekunde nzima! Usimwulize alifurahi kiasi gani. Mwulize Yifter alipochomoka yeye alikuwa wapi, na miguuni alikuwa amebakiza nini. Au Alphonce Simbu, marathoni ya Mashindano ya Dunia ya riadha, Tokyo, Septemba 2025: baada ya kilomita 42 yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, ikabidi kamera ya mstari wa mwisho iamue. Mimi ningetaka kujua hatua zile za mwisho alikuwa anatazama utepe au mwenzake, na nani wa kwanza kumwambia kuwa ameshinda.

Maswali magumu, yaani pesa, majeraha, ugomvi na viongozi, yaweke katikati. Ukiyaacha mwisho kabisa ataangalia saa na kuinuka, na atakuwa na haki. Kabla ya hapo ongea na kocha au mtu aliyekimbia naye. Tukio moja ulilolipata kwao linazaa kuliko maswali ishirini ya kubuni.

Salamu nazo ziandae. Nyambui alizaliwa 1953, kwa hiyo kwa kijana ni shikamoo na mzee, hakuna mjadala. Kwa Simbu "kaka" au "bingwa" inatosha. Na usimrushie kila mgeni "mwangaluka" eti kwa kuwa mko Usukumani. Mjita ana salamu yake.

Mahali: Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, linapendeza kwenye picha, lakini upepo wa ziwa huingia kwenye maikrofoni ukameza nusu ya maneno. Pigeni picha pale, kisha mkaongelee ndani. Usimpangie saa za mazoezi wala baada ya chakula cha mchana, wakimbiaji wengi hulala. Betri ya akiba, bila shaka.

Na mwambie mapema kwamba kinasa sauti hutakizima mpaka mmeagana, hata mkifika kwenye sato.