Kuandaa onyesho la selo peke yake Kampala: muziki wa baroki

Anayepiga selo (ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde) peke yake kwa saa nzima hana piano ya kumfunika wala kwaya ya kumpokea. Mwenzake ni ukumbi. Ndiyo maana ukumbi huchaguliwa kwanza, na vipande vinafuata. Wengi huanza kinyume: miezi sita ya mazoezi ya Bach (mtunzi Mjerumani wa zama za baroki, yaani Ulaya ya 1600 hadi 1750 hivi), kisha wiki mbili kabla ya siku yenyewe ndipo wanaanza kutafuta pa kupigia.

Ukumbi

Tafuta mahali pa watu 60 hadi 120, ukubwa wa kanisa la shule au la chuo. Makanisa makuu ya Namirembe na Rubaga yanavutia, lakini ni makubwa mno kwa ala moja. Walioketi nyuma watapata mwangwi tu.

Simama katikati, piga kofi moja, hesabu mpaka sauti ipotee. Sekunde moja na nusu hadi mbili inafaa. Zikizidi tatu, ngoma (yaani dansi) za kasi zitageuka uji. Sauti ikikatika papo hapo, kila mkwaruzo wa upinde utasikika na noti ndefu hazitabebwa. Kipimo kizuri zaidi ni selo yenyewe. Piga mwanzo wa preludi (kipande cha ufunguzi) ya swiiti ya 3 ya Bach; swiiti ni mfuatano wa preludi na ngoma kadhaa. Mwanzo huo unashuka oktavu mbili kutoka C ya kati hadi uzi wa C ulio wazi (usiobanwa kwa kidole), halafu nyamaza. Kama noti za juu bado zinaelea C ya chini inapofika, ukumbi huo utakudai mwendo wa polepole. Kumbuka pia kwamba nguo na miili ya watu hunywa sauti, hivyo ukumbi uliojaa una mwangwi mdogo kuliko ule wa mazoezi.

Tazama juu. Mabati yasiyo na dari yakipigwa na mvua ya kawaida tu, selo haisikiki hata safu ya tatu. Kampala hupata mvua nyingi Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, kwa hiyo lenga Januari, Februari, Juni au Julai. Hata miezi hiyo si ahadi, maana ziwa liko jirani.

Kuhusu saa, Jumamosi makanisa yana arusi, na Ijumaa jioni wasikilizaji wako watakuwa bado kwenye jamu. Jumapili saa kumi jioni ndiyo bora: ibada zimekwisha, na utamaliza kabla ya saa kumi na mbili. Tuko karibu na ikweta, hivyo adhana ya magharibi huja karibu na saa moja kasoro mwaka mzima. Hutaki ikukute katikati ya sarabandi, ile ngoma ya polepole. Ukimaliza mapema unakwepa pia kumbikumbi, ambao baada ya mvua hufuata taa yoyote, na taa ya stendi ya noti ndiyo wanayoipenda zaidi. Jumapili moja kabla, nenda saa hiyohiyo uketi dakika ishirini usikilize: jenereta la jirani, spika za kanisa la ng'ambo, fundi wa kuchomelea vyuma.

Vipande

Muziki wa dakika 50 hadi 60 unatosha. Sauti ya ala moja huchosha sikio mapema kuliko mpigaji anavyodhani, na swiiti tatu mfululizo ni adhabu kwa pande zote mbili.

Mpango unaofanya kazi: ricercar moja (kipande huru, si ngoma) ya Domenico Gabrielli wa Bologna, Italia (zake ni za 1689, miongoni mwa vipande vya kwanza kabisa vya selo peke yake), kisha swiiti ya 1 ya Bach katika G meja, dakika 18 hivi pamoja na marudio. Pumziko la dakika kumi. Kaprichio moja (kipande kifupi huru) ya mtunzi Dall'Abaco, kisha swiiti ya 3 katika C meja, dakika 22 hadi 24. Swiiti zote mbili hutumia sana nyuzi zilizo wazi, jambo linaloipa selo mlio mpana ukumbini.

Swiiti ya 5 inataka uzi wa A ushushwe hadi G, na uzi ulioshushwa haukai sawa mpaka utulie. Ukiitaka, ishike nusu nzima ya pili, na uzi ushushwe pumziko linapoanza. Ya 6 iliandikwa kwa ala ya nyuzi tano. Kwenye nyuzi nne inakupeleka juu sana shingoni, na si ya onyesho la kwanza.

Nakala iliyoandikwa na Bach kwa mkono wake haijapatikana. Tunategemea nakala za wengine, hasa ya mkewe Anna Magdalena, na humo alama za kuunganisha noti kwa upinde mmoja hazieleweki vizuri. Amua mwenyewe, uziandike kwa penseli, usibadilishe wiki ya mwisho. Matoleo ya bure ya mtandaoni mara nyingi ni ya karne ya 19, yamejaa nyongeza za wahariri.

Ala

Kutyuni noti ya A kwenye hezi 415, kimo kinachotumika sana kwa muziki wa baroki, badala ya 440 ya kisasa hupunguza mkazo wa nyuzi kwa karibu asilimia 11. Nyuzi za utumbo wa mnyama hulipokea hilo vizuri. Nyingi za chuma hulegea na kupoteza makali. Kama una chuma, baki 440, wala hakuna atakayekudai.

Nyuzi za utumbo zifungwe wiki mbili kabla, mmoja mmoja. Ukizifungua zote kwa pamoja, daraja (kibao kinachoinua nyuzi) linaanguka, na kijiti kinachosimama ndani ya mwili wa selo kinaweza kuanguka nalo. Kikianguka, usikaze uzi wowote: ubao wa juu unaweza kupasuka. Peleka kwa fundi. Uzi wa A wa zamani usiutupe. Ndio akiba bora, kwa sababu umeshavutika na hautateleza ukifungwa kwa dharura.

Unyevu huvimbisha mbao: vigingi hukwama siku za mvua na kuteleza siku kavu. Kinachoteleza kipake chaki, kinachokwama kipake sabuni kavu. Huna upinde wa baroki? Shika wa kisasa sentimita nne au tano juu ya mahali pa kawaida. Utakuwa mwepesi, na noti zitaachana zenyewe.

Safiri kwa gari, kamwe si bodaboda, na usiache selo kwenye gari lililo juani. Gundi yake hulainika na maungio yanaachia.

Siku yenyewe

Fika saa mbili kabla ya onyesho kuanza. Kagua kiti kwanza: kisiwe na mikono, kiwe na kalio bapa, kimo cha sentimita 43 hadi 46. Viti vya plastiki huinamia nyuma na kuyumba, kwa hiyo beba chako. Kwenye sakafu ya terazo mguu wa chuma wa selo huteleza. Funga mkanda kwenye mguu wa kiti uuzuie mguu huo wa selo, au weka kipande cha zulia chini ya kiti na selo pamoja. Zima feni, zinakatakata sauti na kupeperusha karatasi. Beba vibanio vya nguo vinne vya kushikia karatasi, na taa ya betri. Mhudumu wa mitambo atakuletea maikrofoni kwa moyo mwema, mshukuru, aiondoe.

Karatasi ya nusu ukurasa yenye majina ya ngoma kwa mpangilio (alemandi, kuranti, sarabandi, na kadhalika) inawasaidia wageni kujua umefika wapi. Wakipiga makofi katikati ya swiiti, inamisha kichwa kidogo uendelee.

Kosa la kawaida jukwaani ni kukimbia. Mwisho wa preludi ya swiiti ya 3 una akodi (noti kadhaa kwa pamoja) zilizotengwa na ukimya. Usihesabu mapigo pale. Subiri ukumbi umalize kulia ndipo upige inayofuata. Kabla ya hapo, ule mlolongo mrefu unaorudi kwenye G hurundika sauti, basi fupisha upinde na upunguze nguvu kwenye kila G.