Kihamba kwanza, wageni wafuate: ushauri kwa wakulima wa kahawa Kilimanjaro

Wakulima wenzangu wa Uru, Kibosho, Machame, Marangu na kwingine huku mlimani, kabla ya kuongea hela ya tua, yaani ya kutembeza watalii, naomba tuongee shamba. Naona sehemu nyingi mgeni analetwa kuona kihamba, yaani shamba letu la nyumbani la Wachaga, anakuta migomba imebanana haijapunguzwa machipukizi, mibuni imezeeka haijakatwa miaka, zizi halina ng'ombe, na kinu kimewekwa uani kwa ajili ya picha tu. Hapo unauza nini jamani?

Tumefikaje hapa wazee wanajua. Kahawa ndo iliyosomesha watu, KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika wa kahawa, ipo tangu 1933, lakini 1989 makubaliano ya mgao wa kahawa duniani yalipovunjika bei ikaanguka vibaya, vijana wakashuka mjini au wakaenda kuwa wapagazi mlimani. Sasa wageni wanapita vijijini, Materuni wanaenda maporomoko halafu kahawa, na ni kitu kizuri kabisa, mimi nakiunga mkono. Ila 2020 korona ilipoingia wageni wakakata ghafla, na mwenye ndizi, maharage na maziwa nyumbani alikula, mwenye tua peke yake alihangaika. Kwa hiyo utalii uwe nyongeza juu ya kihamba, usikae mahali pake.

Shida kubwa ninayoiona ni kalenda. Wageni wanajaa Juni mpaka Oktoba, na kahawa yetu inaiva kuanzia kama Julai mpaka Desemba, yaani mikono ile ile inatakiwa sehemu mbili siku moja. Matokeo yake kahawa inaiva mpaka inakaukia mtini kwa sababu kijana yuko na wageni. Cha kufanya, tengeni mibuni michache karibu na nyumba iwe ya wageni, kule kwingine wachumaji waendelee na kazi yao bila kusimamishwa. Mgeni aonyeshwe achume nyekundu tu, akichuma mbichi ukanyamaza kwa kumwonea aibu umeharibu kahawa yako mwenyewe. Na alichochuma kimenywe maganda siku hiyo hiyo pamoja na ya kwenu, kisilale kwenye ndoo mpaka kesho maana kinaanza kuchacha na ladha inaharibika.

Ya kutwanga na kukaanga mbele ya wageni ni vizuri iwe imeandaliwa mapema, kwa sababu iliyochumwa leo bado inatakiwa imenywe maganda, ivundikwe, ioshwe, halafu ikae kwenye vichanja siku nyingi ikigeuzwa na kufunikwa mvua ikija. Wekeni akiba ya msimu uliopita, kavu, sehemu isiyo na unyevu wala harufu ya mafuta ya taa au mbolea, maana kahawa inanyonya harufu haraka sana. Na iwe ya shamba lenu kweli, mgeni amekuja kuinywa hiyo. Akitaka kununua mfungie ndogo ndogo ukiandika tarehe ya kukaanga.

Masika wageni wanapungua, na huo ndo wakati wa kurudisha hela shambani. Ila ukataji wa matawi uishe mapema, baada ya mavuno kabla mvua hazijaanza, mibuni iliyochoka ikatwe kisiki kidogo kidogo kwa awamu ili usikose mavuno yote kwa pamoja, na mapengo yajazwe na miche bora kutoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, kuna aina zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Huku juu kwenye baridi chulebuni inakula kahawa ikiwa bado kijani kabisa, na mkulima wa mbegu za zamani anamaliza hela kwenye dawa. Halafu tafadhali siku ya kupiga dawa, na muda wote ulioandikwa kwenye lebo, wageni wasipite hapo, watoto wenu pia.

Njia nayo. Mizizi ya mbuni inayokula iko juu juu, watu ishirini wakipita katikati ya mistari kila siku udongo unashindiliwa na mvua ikija inaubeba. Iwe njia moja pembeni, iwekewe ngazi za mawe kwenye mteremko, na chini ya mibuni tandazeni majani ya migomba. Choo cha wageni kikae mbali na mfongo, yaani mfereji wetu wa asili, wenzenu wa chini wanayatumia maji hayo hayo.

Ng'ombe msiuze! Nimesikia wanaosema hawana muda wa kukata majani sababu ya tua, sasa samadi itatoka wapi na migomba itaishije? Bora kikundi chenu cha tua kimlipe kijana mmoja akate majani ya kaya kadhaa. Kihamba cha Shimbwe Juu huku Kilimanjaro, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua 2011 kama urithi wa kilimo duniani kwa sababu ya huu mchanganyiko, miti mirefu juu, migomba katikati, kahawa chini, mifugo zizini na mifongo ya maji. Ukitoa kimoja vingine vinayumba.

Chakula cha wageni kitoke kwenye kaya za kijiji kwa zamu, mtori, ndizi, parachichi, mayai, na bei zijulikane. Kikundi kisajiliwe halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, kiandike wazi mwenye shamba anapata ngapi, anayeongoza wageni ngapi, na ngapi inabaki kwenye mfuko wa miche na ukarabati wa mfongo, halafu hesabu zisomwe mbele ya wote kila mwezi, hata mwezi ambao hajaja mgeni.