Somo: Kuchagua Hema Kubwa la Familia kwa Safari za Gari, kwa Sisi Tunaoishi Pwani

Assalamu alaikum na salamu za heri kwa wanachama wote. Likizo za shule hutukuta mwezi wa Agosti, kusi ikivuma kwa nguvu, na tena Desemba, kaskazi ikianza kushika. Na katika misimu hiyo miwili ndipo ninapoulizwa sana kuhusu hema linalofaa kulaza watoto, wazazi na bibi yao kwa pamoja. Nimeona ni vyema niandike yote mahali pamoja, kwa kuwa kosa nililofanya mimi hapa Malindi nisingependa familia nyingine ilirudie.

Hema letu la kwanza liliandikwa kwenye mfuko wake kwamba linatosha watu 6, nasi tulikuwa 6. Usiku wa kwanza tulilala tumebanana ubavu kwa ubavu, mabegi yakiwa miguuni, na jasho lilitutoka hadi alfajiri kwa sababu madirisha yalikuwa madogo mno. Usiku wa pili upepo uling'oa vigingi mchangani na ufito mmoja ukapasuka. Muuzaji hakunidanganya, mimi ndiye sikujua cha kuuliza. Mengi ya mahema yanayouzwa yalibuniwa kwa nchi za baridi, ambako mtu hutaka kulizuia joto lisitoke, ilhali sisi shida yetu ni kulitoa.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu magodoro, si watu. Watengenezaji humhesabia kila mtu nafasi ya upana wa takriban sentimita 55 hadi 60, yaani mabega yakigusana na hakuna mzigo wowote ndani. Chukua mfano wa familia ya watu 7: wazazi kwenye godoro la futi 4 kwa 6, wasichana wawili kwenye jingine kama hilo, wavulana wawili kwenye la tatu, na bibi peke yake kwenye la futi 3 kwa 6. Ukiyapanga kwa safu moja unahitaji upana wa futi 15, na mbele ya miguu uache angalau futi 3 za kupita na kuweka mabegi. Hiyo ni sakafu ya karibu mita 4.5 kwa 2.7, na hema la ukubwa huo kwa kawaida huandikwa kuwa ni la watu 8 au 10. Kabla ya kutoa fedha, chora sakafu hiyo kwa chaki uani, kisha walaze watoto ndani ya mistari. Zingatia pia kwamba hema ambalo kuta zake zinainama kwa ndani hupoteza nafasi pembeni, kwa sababu godoro la kujaza hewa lenye kimo kirefu litaugusa ukuta kabla ya kufika ukingoni.

Hatua ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni kulifikiria hema mbele ya upepo. Yapo maumbo makuu matatu. Hema la kibanda lina kuta zilizosimama wima, lina nafasi nzuri mno ndani, lakini ukuta wake hupokea upepo kama tanga linavyoupokea. Hema la handaki, yaani lile refu lenye matao yaliyofuatana, hustahimili vizuri sana endapo mkia wake utaelekezwa unakotoka upepo, bali likipigwa ubavuni hulala. Hema la kuba, ambalo fito zake hupishana juu, husimama lenyewe na halijali sana upepo unatokea upande gani. Kusi hututokea kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo mwenye handaki akiuelekeza mkia huko, mlango wake utatazama kaskazini, ambako ndiko kibla chetu, na hilo ni jambo la kupendeza kwa anayeamkia swala. Wakati wa kaskazi atageuza, kwani upepo hutoka kaskazini-mashariki. Tatizo ni kwamba usiku umande, yaani upepo wa nchi kavu, unaweza kuvuma kutoka bara na kulipiga hema upande ambao hukuutarajia. Ndiyo maana kwa familia itakayopiga hema karibu na bahari mimi hupendekeza kuba kubwa, au kibanda kifupi chenye kamba nyingi, kuliko handaki.

Fito nazo zitazame kwa makini. Za faibaglasi ni rahisi, lakini katika hema kubwa hupasuka kwa urefu na kuacha nyuzi zinazochoma mikono. Za alumini hugharimu zaidi, hupinda kabla ya kuvunjika, na hazishiki kutu. Mabomba ya chuma ni imara, ila hewa yetu ya chumvi huyala haraka pale rangi inapobanduka kwenye maungio. Vigingi vyembamba vinavyokuja ndani ya mfuko vinafaa udongo mgumu, mchangani havishiki. Nunua vile virefu na vipana, au ujaze mchanga kwenye vigunia vidogo, uvifunge kamba na kuvifukia futi 1 na nusu chini. Tangu nianze kutumia vigunia hivyo, hema langu halijang'oka.

Hatua ya tatu ni hewa na wadudu. Tafuta hema la ngozi mbili, ambalo ngozi ya ndani ina wavu mwingi, hasa juu, na ngozi ya nje huzuia mvua huku ikiacha nafasi ya hewa kupita katikati. Watu 7 wakipumua usiku kucha hutoa unyevu mwingi, na unyevu huo usipopata njia hugeuka matone yanayodondoka, ambayo wengi huyadhani ni mvua inayovuja. Pawepo madirisha pande mbili zinazotazamana, maana dirisha la upande mmoja halivuti hewa. Wavu uwe wenye matundu madogo kabisa, kwa kuwa unaozuia mbu hauzuii usubi, na usubi wa karibu na mikoko hawana huruma kwa watoto.

Hatua ya nne ni stara. Chagua hema lenye pazia la kugawa vyumba, hasa mkiwa na vijana waliobaleghe au mgeni mzee, na hakikisha kwamba pazia hilo linafika sakafuni. Kimo cha katikati kisipungue sentimita 190, ili mtu mzima aweze kuvaa nguo na kuswali amesimama.

Hatua ya tano ni kitambaa. Uwezo wa kuzuia maji hupimwa kwa milimita, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa hubeba kabla ya kuvuja. Kiwango cha 1,500 huhesabiwa kuwa kinazuia mvua. Kwa mvua ya masika ningependa paa la 3,000, na sakafu 5,000, kwa sababu magoti na magodoro huyakandamiza maji ya chini yapenye. Mishono iwe imefunikwa kwa utepe. Poliesta huvumilia jua letu kuliko nailoni, na hailegei ikilowa. Turubai la pamba lina kivuli kizuri na ubaridi wa kupendeza, lakini ni zito sana na likikunjwa bichi huota ukungu.

Hatua ya mwisho: pima buti la gari, kisha pima mfuko wa hema, ukikumbuka kwamba magodoro, maji na sufuria zitakuwemo pia. Lisimamishe nyumbani na ulimwagie maji kwa mpira kabla hujalipeleka popote.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali kutoka Lamu: Shikamoo mwalimu. Sisi gari letu tunaliacha Mokowe, ng'ambo ya bara, na kutoka nyumbani hema litapakiwa punda hadi gatini kisha boti. Je, turubai linatufaa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwenu nyinyi uzito umerudi kuwa jambo la msingi, tofauti na sisi tunaopakia mlangoni. Hema kubwa la turubai laweza kuzidi kilo 40, na kulishusha kwenye boti bahari ikiwa imechafuka ni kazi ya watu wawili. Chukueni poliesta, mkigawe kitambaa kwenye mfuko mmoja, fito na vigingi kwenye mwingine, na vyote mvitie ndani ya plastiki nzito ili maji ya chumvi yasivifikie. Yakivifikia, suuzeni kwa maji baridi ya kunywa, hasa zipu.

Swali: Je, si afadhali mahema mawili madogo kuliko moja kubwa?

Jibu: Kwa vijana wakubwa, ndiyo, na husimama vizuri zaidi penye upepo. Kwa watoto wadogo ninashauri moja, hususan mkipitia lango la Sala kwenda kulala katika mbuga ya wanyama ya Tsavo Mashariki, kwa kuwa huko sitaki mtoto atoke usiku kumtafuta mama yake. Huko vyakula vyote vilale ndani ya gari, na zipu zifungwe hata mchana, maana nyani huingia.

Swali: Mvua ikinyesha, naweza kupika kwa jiko la makaa kwenye baraza ya hema?

Jibu: Hapana, dada yangu, na tafadhali wafahamishe na wengine. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Hata jiko lililoonekana kuzima lisiingizwe ndani. Tundikeni turubai la kivuli mbali na hema na mpikie hapo.

Swali kutoka Mambrui: Nimepata hema la mtumba la watu 10 kwa bei nzuri. Nitazame nini?

Jibu: Lisimamishe mbele ya muuzaji, hata akikuharakisha. Hesabu fito zote. Fungua na ufunge kila zipu mara tatu. Pitisha kiganja ndani ya paa: kama kitambaa kinanata au kinabanduka vigamba, utando wake wa kuzuia maji umeshaharibika kwa joto na unyevu, na harufu kali ya uchachu huja pamoja na hali hiyo, hema hilo liache. Kama ni mshono tu umefunguka, fundi yeyote wa mahema ya sherehe atakushonea, nawe utaupaka gundi ya mishono. Na ukishalinunua usiliache ndani ya buti juani. Likunje likiwa kavu kabisa na ulitundike chumbani penye hewa.