Pesa ya tabianchi ya wodi: ingiza mradi wenu mapema, na usisahau mita ya stima ya nyumbani

Mara ya kwanza tulijaribu kuomba hii pesa ya kaunti ya kukabili ukame na mafuriko tuliandika pendekezo la kurasa kumi na nne, tukalipa kijana wa saiba atuchapie, tukaweka jalada la plastiki, tukapeleka ofisini, likapigwa muhuri wa kupokelewa na ndo ikawa imeishia hapo. Kijiji jirani hawakuwa na hata ukurasa mmoja lakini wao ndo walipata tangi na bomba. Kumbe walikuwa kwa mkutano wa wodi miezi nane kabla, na mama mmoja alisimama na daftari ya mtoto wa shule akasoma tarehe moja moja, siku chemchemi ilikauka na siku ilirudi, miaka mitatu mfululizo. Sisi siku hiyo tulikuwa kwa harambee.

Kwa hivyo nikikuambia anza na mkutano kabla ya pendekezo, jua nimelipia hiyo elimu.

Sasa, pesa yenyewe ni gani? Kenya tuna Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi tangu 2016, na kaunti zimetunga sheria zao za mfuko wa tabianchi. Makueni walitangulia 2015 wakatenga 1% ya bajeti ya maendeleo, Wajir nao wakaweka 2%. Alafu 2021 ukaja mpango wa FLLoCA, wengi tunasema tu Floka, ambapo serikali kuu, Benki ya Dunia, Ujerumani kupitia KfW na wafadhili wengine wanaongezea kaunti pesa kulingana na vile imejipanga: iwe na sheria, iwe na mfuko, iwe imetoa yake mfukoni, na iwe na kamati mpaka chini kwa wodi. Pesa ya wafadhili huja na kuondoka, lakini mfuko wa kaunti uko kwa sheria ya kaunti, na njia ya kuufikia ni hiyo kamati ya wodi.

Kitu cha pili, na hapa ndo vikundi vingi hukosea: hiyo pesa haiingii kwa akaunti ya kikundi chenu. Kaunti inatangaza tenda, kontrakta anakuja, nyinyi mnapata kitu kimejengwa. Mtu akikuambia jiunge na kikundi ulipe ya kujisajili alafu mtagawiwa pesa ya tabianchi, huyo anakula yako. Na pia haijengi kitu cha mtu mmoja, tangi la boma lako hapana, tangi la familia mia mbili ndiyo. Vitu ambavyo hupita sana ni vya maji kwa sababu ukame ndo unatuumiza: kisima kirefu cha kusukumwa na sola, bwawa la mchanga, lambo la mifugo. Pia kuna gabioni (nyavu za waya zilizojazwa mawe) za kuzuia korongo, vitalu vya miti, malisho, na unyunyiziaji mdogo wa mashamba.

Haya, twende hatua kwa hatua, ingawa kusema kweli hazifuatani vizuri hivyo.

Nenda kwa msimamizi wa wodi, mwajiriwa wa kaunti, sio kwa MCA, mwakilishi wenu wa bunge la kaunti, kwanza. MCA anaweza kuwasukumia mbele kule bungeni na hakuna ubaya kumjulisha, lakini kuna pesa zingine za wodi ambazo watu huchanganya na hizi, ukianzia kwake unaweza kuzungushwa mwaka mzima kwa foleni isiyo yako. Muulize msimamizi vitu vitatu tu. Kamati ya mipango ya tabianchi ya wodi ni akina nani na wanatoka vijiji gani, inakaa lini tena, na ripoti ya PCRA naipata wapi. Hiyo PCRA ni tathmini ya hatari za tabianchi ambayo kaunti hufanya pamoja na wananchi, watu wanakaa chini wanachora ramani ya wodi, maji yalikuwa wapi zamani na sasa yako wapi, mafuriko hupitia wapi, nani huumia kwanza. Miradi inatakiwa itoke kwa hayo matatizo. Kama shida ya kijiji chenu haimo ndani ya ripoti, hata mkiandika kurasa mia mtaonekana mmetoka hewani. Kwa hivyo isome kabla hujaandika chochote, tafuta jina la kijiji chenu au hata la mto wenu, ukipata sentensi moja inayowataja iandike na namba ya ukurasa. Msipopata, kazi yenu ya kwanza ni kumfanya mjumbe wa upande wenu ailete hiyo shida kwa kamati iingie wakati wa kupitia upya.

Ukiambiwa ripoti haipo au rudi kesho, usigombane. Andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba, na inakubali ombi la Kiswahili kabisa, si lazima utafute mtu wa kukuandikia Kiingereza, na wanatakiwa wajibu ndani ya siku 21. Baki na nakala yenye muhuri na tarehe. Wakikaa kimya unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wengi wanaiita Ombudsman. Mara nyingi haifiki huko, barua yenye kutaja sheria na siku 21 hufungua droo zilizokuwa zimefungwa.

Sasa daftari. Hii nataka tukae nayo kidogo kwa sababu ndo silaha. Chukua daftari ya kawaida ya mistari, chora safu nne: tarehe, chanzo cha maji, dakika za kwenda na kurudi, mitungi mingapi. Tafuta nyumba tano tofauti, zisiwe za ukoo mmoja, kila moja iandike siku moja kwa wiki. Baada ya miezi mitatu una safu ambayo hakuna afisa anaweza kupuuza, mfano unaweza kusimama useme, Januari kwenda na kurudi kisimani ilikuwa dakika 50, Machi ikawa dakika 130, na hizi ndo nyumba na hizi ndo tarehe. Linganisha na "maji ni shida sana kwetu", hiyo kila kijiji kitasema na kila kijiji kinasema kweli. Kama shida yenu ni mafuriko, weka alama ya rangi kwa ukuta wa shule maji yalipofika na uandike tarehe kando yake, picha ya simu yenye mtu amesimama kando ya alama inatosha.

Kisha kunja hiyo yote iwe ukurasa mmoja. Shida ni ipi na namba zake, tabianchi imeifanyaje iwe mbaya zaidi (hapa msiruke, bomba lililopasuka kwa sababu ya uzee si tabianchi), mnataka nini, nyumba ngapi zitafaidika wakiwemo akina mama na vijana na walemavu, ardhi ni ya nani, na nani atakitunza kikishajengwa. Hayo mawili ya mwisho ndo huua miradi, sio ufundi.

Ardhi hasa. Mzee anasema mbele ya watu "jengeni kwangu, ni zawadi kwa jamii", watu wanapiga makofi, kontrakta anafika na mawe, na mtoto wake wa kwanza anarudi kutoka mjini na panga. Nimeona tangi limefungwa kufuli na familia, mradi wa serikali umegeuka wa boma. Msiende kwa kamati kabla hamjapata karatasi: eneo lipimwe, barua ya kutoa hicho kipande iandikwe, asaini mwenye ardhi na bibi yake, maana kwa ardhi ya ndoa ridhaa ya mwenzi ni lazima kisheria, watoto wakubwa wasaini kama mashahidi, na chifu awepo. Andikeni pia njia ya kufika hapo, watu husahau njia. Kama ni ardhi ya jamii basi ni mkutano wa jamii yenyewe iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ndo unaamua, sio mzee mmoja hata akiwa na kofia gani.

Alafu kalenda, na hii ichoreni kwa ukuta. Mwaka wa pesa wa serikali unaanza 1 Julai. Lakini mpango wa mwaka wa kaunti lazima ufikishwe bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, yaani miezi kumi KABLA mwaka wenyewe uanze. Februari 28 ni ile karatasi ya sera ya fedha inayogawa pesa kwa idara, Aprili 30 makadirio ya bajeti yanaenda bunge la kaunti, Juni 30 yapitishwe. Mtu akiamka Mei kuomba lambo anaomba wakati chakula kimeshapakuliwa. Kazi ya kamati ya wodi na daftari yenu inatakiwa iive Julai na Agosti, na kwa vikao vya maoni ya umma mwende wengi, mseme kitu kimoja, na mhakikishe jina la mradi limeandikwa kwa kumbukumbu za mkutano vile mlivyolitamka. Mimi huomba karani anisomee. Anakasirika kidogo lakini anasoma.

Mradi ukipita, kazi bado. Ombeni nakala ya orodha ya vifaa na vipimo alivyopewa kontrakta, kwa barua ileile ya siku 21 ikibidi, na mchague watu watatu wa kuhesabu mifuko ya saruji inaposhuka. Siku ya kukabidhiwa msisaini mkiwa mmesimama kwa jua na soda mkononi, jazeni tangi kwanza, rudini kesho yake asubuhi muone kama maji yameshuka. Na kamati ya kutunza iwe imeshapanga bei ya mtungi kabla maji yatoke, kwa sababu siku inverta ya pampu itaharibika hakuna atakayekuja.

Hayo ni ya jamii. Kwa nyumba yako binafsi, ruzuku ya serikali ukiiona huwa imepitia kwa muuzaji. Mradi wa sola wa KOSAP wa kaunti 14 zilizo mbali na gridi ulifanya hivyo, kampuni za sola zililipwa baada ya kuthibitishwa zimeuza, sio mnunuzi aliyeomba mwenyewe. Kwa hivyo swali la kuuliza dukani ni kama hiyo bidhaa iko chini ya mpango wowote wa ruzuku kwa kaunti yako, na utoe maelezo ya usajili vizuri maana ndo wasimamizi wa mpango watahakiki mauzo nayo.

Ila kuna punguzo lingine liko kwa mita yako tayari na watu wengi wanalipoteza bila kujua. Tangu Aprili 2023 stima ya nyumbani imegawanywa ngazi tatu, mpaka yuniti 30 kwa mwezi, 31 mpaka 100, na zaidi ya 100, na kila ukipanda bei ya kila yuniti inapanda. Ngazi yako inaangaliwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Ndo maana jirani anapata tokeni nyingi kuliko wewe kwa pesa ileile mnabaki mkidhani mita imerogwa.

Anza na kubwa. Shawa ya kuchemsha papo hapo ya kilowati 5, mtu akioga dakika kumi ni karibu yuniti 0.83. Watu wanne kila siku, zidisha na siku 30, inatoka yuniti 100, yaani shawa peke yake imekumaliza ngazi ya pili kabla hujawasha taa. Mkikata mpaka dakika tano ni 50. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka masaa matano kila usiku inakula yuniti 9 kwa mwezi, ya LED ya wati 9 inakula 1.35, ukiwa na tano kama hizo umeokoa zaidi ya yuniti 38. Chaja ya simu wacha tu, haina maana.

Andika namba ya mita tarehe moja ya kila mwezi, hata kwa hiyo daftari ya maji, ukurasa wa nyuma. Mwezi wa kwanza usitarajie kuona kitu kwa bei, ule wastani bado una miezi yako ya zamani ndani, na hapo ndo wengi hukata tamaa wanarudi kwa shawa ya dakika kumi.