Kabla ya kumpandisha sungura jike

Wengi huanza kwa kutafuta kisanduku cha kuzalia. Mimi huanza na kalamu na kadi ya kutundika bandani, kwa sababu kwa sungura tarehe ndiyo kila kitu. Jike haachii mayai mpaka apandwe. Akishapandwa, tezi iliyo chini ya ubongo humwaga homoni iitwayo LH, na mayai hutoka kwenye ovari baada ya saa 10 hadi 12. Hesabu inaanzia hapo.

Siku yenyewe ya kumpandisha, mgeuze taratibu umtazame uke. Ukiwa mwekundu, umevimba na una unyevunyevu, estrojeni, homoni ya kumtayarisha apandwe, inafanya kazi. Ukiwa mweupe na mkavu, ngoja siku chache. Kisha mpeleke yeye kwa dume. Ukimletea dume kwake, jike anaweza kumng'ata.

Linalopuuzwa sana ni kuwatenga majike waliokomaa. Wakipandana wao kwa wao, ovari inaweza kuachia mayai yasiyo na mbegu wa kuyarutubisha. Vifuko vya ovari vilivyoachwa na mayai hugeuka vitezi vya manjano na kutoa projesteroni, homoni inayotunza mimba, kana kwamba mimba ipo. Mimba hiyo ya uongo hudumu siku 16 hadi 18, na muda wote huo usitegemee ashike mimba ya kweli. Kwa hiyo ukimkuta siku ya 17 anajinyonyoa manyoya ya kifuani na kupanga kiota, usikimbilie kutangaza uzazi. Tazama kadi.

Jibu la uhakika zaidi liko vidoleni, kati ya siku ya 10 na ya 14. Papasa tumbo la chini bila kubana: mimba huteleza kama zabibu laini, kinyesi ni vipunje vidogo vigumu.

Dawa nazo zinahitaji tahadhari. Kondo la sungura halichukui kazi ya kutoa projesteroni, hivyo vitezi vile vikinyauka siku yoyote ile, mimba inatoka. Dawa za jamii ya prostaglandini huvinyausha, basi daktari wa mifugo aambiwe mapema kwamba jike amepandwa.

Kisanduku kiingie siku ya 28, kikiwa na nyasi kavu; kikiwahi mno hugeuzwa choo. Projesteroni ikishuka na prolaktini, homoni ya maziwa, ikapanda, manyoya yataanza kung'olewa, na kuzaa huwa karibu siku ya 31. Dume awe mbali siku hiyo: jike aliyezaa asubuhi anaweza kupandwa na kushika mimba siku ileile.