Umetumiwa habari ya "wanasayansi wamegundua dawa"? Fanya hivi kabla hujaisambaza

Mimi mwenyewe nilishawahi kumpa mtu matumaini hewa. Nilikutana na habari kwamba kisukari kimepata dawa, sikuimaliza hata kuisoma, nikamrushia shangazi yangu ambaye anajichoma insulini kila siku, akajibu fasta "ni sindano au vidonge? inapatikana wapi?" ndo nikarudi kuisoma vizuri na kule chini kabisa, aya ya mwisho, nikakuta ni panya. Panya kumi na kitu. Toka siku hiyo nina utaratibu wangu, hauchukui hata nusu saa na hauhitaji uwe umesomea udaktari, nauandika hapa kama ninavyoufanya.

Kwanza achana na ile habari, tafuta utafiti wenyewe. Habari iliyoandikwa vizuri inataja jarida lililochapisha na angalau jina la mtafiti mmoja, wakati mwingine inaweka linki kabisa au namba ya DOI (namba ya utambulisho wa makala, ile inayoanzaga na 10 afu nukta). Ukishapata jina la mtafiti na jina la ugonjwa nenda PubMed, tovuti ya kutafutia tafiti za tiba, ni bure, inaendeshwa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, andika hayo maneno mawili na mwaka, itakuja. Mara nyingi utapewa muhtasari tu na makala nzima wanataka hela, usijali, muhtasari unatosha kwa kazi yetu, ila ukiona pembeni kuna alama ya PMC bonyeza hapo maana ndo makala nzima ya bure. Kiingereza kikikushinda weka kwenye tafsiri ya simu, itavuruga sentensi mbili tatu lakini namba zitabaki zilezile. Na kama habari haitaji jarida wala mtafiti, inasema tu "wanasayansi wa chuo kimoja kikubwa", mi huwa naishia hapohapo, sina muda wa kumtafuta mtu asiye na jina.

Ukishaipata, swali la kwanza ni: walimfanyia nani? Seli kwenye kisahani cha maabara, panya, au watu? Muhtasari lazima useme. Kama ni seli kwenye kisahani tulia kabisa, sabuni ya vyombo nayo inaua seli za saratani kwenye kisahani na hamna anayemnywesha mgonjwa sabuni. Panya ni hatua nzuri lakini panya wameshapona magonjwa mengi sana ambayo sisi bado tunaumwa. Kwa watu kuna hatua tatu, ya 1 watu makumi wakiangalia usalama na dozi, ya 2 mamia wakiangalia kama kuna dalili ya kufanya kazi, ya 3 mamia mpaka maelfu wanagawanywa kwa bahati nasibu, hawa wapewe dawa hawa wasipewe, wanalinganishwa. Dawa nyingi zinazoingia hatua ya 1 hazitoki upande wa pili. Kwa hiyo "dawa imeanza kujaribiwa kwa binadamu" maana yake ndo kwanza safari imeanza, na hapo ndo watu wengi wanachemsha, wanasoma "binadamu" wanadhani imeshafika duka la dawa.

Halafu: wangapi? Hapa nitakaa kidogo kwa sababu kuna kisa kimoja ambacho kila mtu anakisimulia na karibu kila mtu anakikosea. Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wawili wa Perth, Australia. Zamani madaktari wengi walikuwa wanaamini vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na asidi nyingi, Warren ye alikuwa anaona bakteria fulani waliojipinda kila akiangalia kwenye hadubini vipande vilivyokatwa tumboni mwa wagonjwa, wakajaribu kuwaotesha maabara wakashindwa na kushindwa. Utaratibu ulikuwa visahani vinatupwa baada ya siku mbili kama hamna kilichoota. Pasaka ya 1982 vikaachwa siku zote za sikukuu, watu kurudi wakakuta vimeota, kumbe wale bakteria ni wazito tu, siku mbili zilikuwa haziwatoshi! Ndo hawa leo wanaitwa Helicobacter pylori. Sasa 1984 Marshall kachoka kubishiwa, akapimwa tumbo kwanza kuhakikisha liko safi, akakoroga bakteria kwenye kimiminika akanywa. Siku chache mbele anatapika, mdomo unanuka, na kama siku ya kumi wakaingiza kamera, ukuta wa tumbo umevimba na bakteria wapo.

Wanaosimulia wanamalizia "akapata vidonda vya tumbo, akajitibu, akapewa Nobel". Hapana. Hakupata vidonda, alipata uvimbe wa ukuta wa tumbo, ni vitu viwili tofauti. Na alikuwa mtu mmoja. Kisa kizuri lakini mtu mmoja hawezi kukuambia kitu kinatokea kwa watu wote, inawezekana ni yeye tu. Kilichogeuza madaktari ni majaribio ya miaka iliyofuata kwa wagonjwa wenye vidonda wenyewe, wale ambao bakteria waliuliwa vidonda havikurudi ovyo, wale ambao bakteria walibaki vikarudi, na 1994 ndo jopo la wataalamu Marekani likasema haya, wagonjwa wa vidonda wenye hawa bakteria wapewe antibayotiki. Nobel ilikuja 2005. Kwa hiyo ukisoma utafiti tafuta ile namba ya washiriki, kwenye muhtasari huwa ipo, na jiulize je walikuwa na kundi la kulinganishia. Bila kundi la kulinganishia hujui kama dawa imewaponyesha au wangepona tu wenyewe.

Sasa asilimia. Asilimia ndo mahali watu wanapigwa zaidi, na nitatumia utafiti mzuri kabisa ili usidhani ni matapeli tu wanaofanya hivi. Juni 2020 Uingereza habari za jaribio la RECOVERY zilisema kwamba deksamethasoni, steroidi (aina ya dawa ya kutuliza uvimbe na kinga ya mwili) ya zamani na ya bei rahisi, inapunguza vifo vya korona kwa theluthi. Ni kweli. Lakini theluthi ya nini na ya nani? Fungua makala: waliopewa dawa 2104, waliopata matibabu ya kawaida 4321. Kwa wale waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, ndani ya siku 28 walikufa 41.4% upande wa bila dawa na 29.3% upande wa dawa. Toa, inabaki kama 12, yaani ukiwatibu wagonjwa wa aina hiyo wanane hivi unaokoa mmoja, ambayo kwa kweli ni kubwa sana. Kwa waliokuwa wanapewa oksijeni bila mashine ni 26.2% kwa 23.3%, tofauti ndogo zaidi. Na kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa? 14.0% bila dawa, 17.8% na dawa. Haikusaidia, na haieleweki vizuri kama iliumiza au ni bahati tu. Kichwa cha habari kilisema "dawa ya korona", mtu aliyelala kwake na kikohozi akisoma vile anaenda kununua steroidi ambayo utafiti wenyewe haukuonyesha inamfaa. Kwa hiyo kila ukiona "imepunguza hatari kwa nusu" tafuta namba mbili za nyuma yake, kutoka ngapi kwenda ngapi. Kutoka 40 kwenda 20 kwenye mia ni habari, kutoka 2 kwenda 1 kwenye elfu kumi nayo ni nusu ileile.

Tukija kwenye majina, hii ndo sehemu naipenda kuliko zote. Watu wanaruka orodha ya waandishi wakati pale ndo imeandikwa nani alifanya nini. Kwenye utafiti wa tiba kwa kawaida jina la kwanza ni la yule aliyeshika kazi kwa mikono, aliyelala maabara, na jina la mwisho ni la bosi wa maabara mwenye hela na wazo kuu, katikati wasaidizi. Nyota pembeni ya majina wakati mwingine ni kwamba wamechangia sawa. Habari huwa inamtaja bosi. We angalia wa kwanza.

Mfano streptomaisini, antibayotiki ya kwanza iliyoweza kifua kikuu. Makala ya Januari 1944 ina majina matatu kwa mpangilio huu: Schatz, Bugie, Waksman. Albert Schatz alikuwa mwanafunzi wa miaka 23 chuo cha Rutgers, kazi aliifanya 1943 kwenye maabara ya chumba cha chini. Selman Waksman ndo bosi. Elizabeth Bugie ndo wa katikati, naye alikuwa mwanafunzi. Hati miliki ikatoka kwa majina ya Waksman na Schatz, Bugie hayupo. Schatz akaja kushtaki 1950, wakamalizana kwa makubaliano, akatambuliwa kuwa mgunduzi mwenza na kupewa sehemu ya mapato, lakini Nobel ya 1952 ikaenda kwa Waksman peke yake. Ukisoma tu orodha ya washindi hutajua kama hao wawili waliwahi kuzaliwa, ukisoma mstari mmoja wa ile makala unawaona wote.

Au chukua chanjo za korona za mRNA ambazo watu walisema zimetengenezwa haraka mno, mwaka mmoja tu. Tafuta makala ya 2005, wa kwanza Katalin Karikó, wa mwisho Drew Weissman. Waligundua kwamba ukibadilisha kidogo herufi moja ya RNA (ujumbe unaoipa seli maelekezo) mwili unaacha kuishambulia kama adui. Karikó kabla ya hapo alishashushwa cheo kwa sababu hela za utafiti hazipatikani! Ilipita miaka 15 mpaka chanjo, Nobel 2023. Hii ni hesabu nzuri ya kufanya kwa kila "ugunduzi wa ghafla", rudi nyuma kwenye orodha ya marejeo utaona ghafla yenyewe ina miaka mingapi.

Insulini nayo, maana tulianza na kisukari. Utasikia watafiti Banting na Best, Toronto, kiangazi cha 1921, walijaribu kwa mbwa. Sawa. Lakini tarehe 11 Januari 1922 walipomchoma kijana wa miaka 14 dawa yao haikufanya la maana, sukari ilishuka kidogo na pale pa sindano pakafanya jipu, ilikuwa chafu. Sindano iliyofanya kazi ni ya tarehe 23 Januari, na hiyo ilisafishwa na James Collip, mkemia aliyeingia Desemba, ambaye alicheza na kiwango cha alkoholi mpaka akapata kile ambacho insulini inaganda na uchafu mwingi umeshatolewa. Nobel 1923 wakapewa Banting na Macleod mwenye maabara, Banting akamgawia Best hela yake, Macleod akamgawia Collip. Na Romania kulikuwa na Nicolae Paulescu ambaye Agosti 1921 alishachapisha kazi yake ya kongosho (kiungo kinachotengeneza insulini), yeye hakupata kitu.

Mengine haraka haraka. Angalia kama makala imefutwa, PubMed inaweka tangazo juu kabisa la kuonekana wazi, ile ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji kwa watoto 12 tu ilifutwa 2010 na bado inasambazwa mpaka leo. Angalia nani kalipia, iko chini mwishoni, kampuni kulipia sio dhambi ila ujue. Na kama ni makala ya awali (kwa Kiingereza preprint) ambayo wataalamu wenzao hawajaipitia itaandikwa hivyo juu, isome kama tetesi ya mtu mwenye akili.

Ukimaliza ndo uandike ujumbe wako, mfupi, wenye vitu vinne: walimfanyia nani, wangapi, kutoka ngapi kwenda ngapi, na iko hatua gani. Shangazi nilimwandikia upya: "Shikamoo shangazi, samahani ile habari ni panya, kwa watu bado hawajaanza, insulini yako usiiache." Akajibu baada ya saa nzima, "marahaba mwanangu, siiachi. Wakifika kwa watu niambie."