Punda Kijana wa Mkokoteni: Mkague Kabla ya Kulipa

Mavuno yakishaingia ghalani, wakulima wengi wa Igunga, Nzega na Uyui, mkoani Tabora, huanza kutafuta punda wa msimu ujao, na wengine huenda kwa wenye mikokoteni ya mjini wanaosomba maji, matofali na kuni. Punda wa namna hiyo ameshazoea kufungwa, haogopi pikipiki, na anakupunguzia kazi ya kumfundisha. Ila akiwa bado kijana, ukiambiwa "huyu ameshazoea kazi" jiulize aliizoea akiwa na umri gani.

Jibu liko mdomoni mwake. Punda ana meno 6 ya mbele juu na 6 chini. Ya utoto ni madogo na meupe. Ya ukubwani ni mapana, marefu, yenye unjano. Jozi ya katikati hubadilika akikaribia miaka 2 na nusu, inayofuata miaka 3 na nusu, ya pembeni miaka 4 na nusu. Ukikuta jozi ya katikati tu ndiyo imebadilika, huyo bado mtoto hata kama kimo kimemfikia mama yake. Mifupa yake haijakomaa.

Sasa mpapase mabegani, mgongoni na kifuani ukitafuta mabaka ya manyoya meupe. Kidonda cha nira au cha kamba kikipona, mara nyingi manyoya huota meupe pale pale. Muuzaji anaweza kungoja kidonda kipone, lakini weupe ule unabaki. Baka moja dogo lisikutishe. Mabaka mabega yote mawili, kwa punda wa umri huo, yanaonyesha aliwahishwa kazini, na mimi nisingemnunua hata kwa bei ya kutupa. Mtembeze pia kwenye ardhi ngumu bila mzigo: kichwa kikiinuka na kushuka kila hatua, kuna mguu unaomuuma. Inua kwato zote nne uzitazame chini.

Nyumbani, akiwa na miaka 2 inatosha kumzoesha kamba, kuinuliwa miguu na kuvaa shogi (mifuko ya mzigo ya mgongoni) tupu. Mkokoteni mwepesi usubiri miaka 3. Plau na mizigo mizito, miaka 4. Na tafadhali sana, nira ya ng'ombe usimvalishe punda. Ng'ombe husukuma nira kwa shingo na nundu, punda nguvu zake ziko kifuani. Mshonee mkanda mpana wa kifua kwa turubai au magunia yaliyokunjwa, ukae juu kidogo ya kiungo cha bega bila kupanda kooni. Kamba nyembamba ya nailoni humkata ngozi siku ile ile.

Chakula chake ni rahisi: nyasi na mabua makavu, na maji safi. Hatari iko kwenye mabaki. Mahindi yenye ukungu, ambayo watu huyaona "yanamfaa punda tu", yanaweza kumharibu ubongo akafa. Chakula cha kuku chenye dawa ya monensini humuua kwa kuharibu moyo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi nayo inaweza kumfunga utumbo, kwa hiyo soma kibandiko cha chupa kabla ya kumpulizia.

Wa Kaliua, Urambo na Sikonge mna jambo la ziada, nalo ni ndorobo (mbung'o). Punda hustahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, kuliko farasi, lakini hana kinga kamili, hasa aliyekulia kwenye mbuga zisizo na ndorobo wengi kisha akaletwa kwenye miombo. Akianza kukonda ilhali anakula, fizi zikapauka na homa ikamwandama, mwite afisa mifugo wa kata mapema. Usimkadirie dawa kwa dozi ya ng'ombe; baadhi ya dawa za nagana zina madhara makali kwa punda zikizidi kidogo tu.

Biashara ya ngozi imechochea wizi wa punda Afrika nzima, hata Umoja wa Afrika ukaamua Februari 2024 kupiga marufuku kuwachinja kwa ajili ya ngozi. Kwa hiyo usinunue njiani. Andikishianeni mbele ya mtendaji wa kijiji anakotoka, mkitaja jinsia, rangi na alama zake, na uwe na kibali cha kusafirisha mifugo mkononi kabla hujampakia kwenye gari.